Mapigo Mia Tano na Ishirini

Hebu jaribu kumwona anavyoingia. Ni saa moja kasorobo asubuhi, lango la kiwanda cha vyuma liko wazi nusu, na mwanamke mfupi aliyejaa mwili anapita ubavuubavu kama mtu anayeingia jikoni kwake. Kwapani ana chupa ya chai, mkononi ana funguo za zahanati, na juu ya sikio la kulia penseli imechomekwa kwenye nywele, imesimama kama mlinzi.

Mlinzi mwenyewe, yule wa langoni, anamchokoza kila siku.

"Bi Penseli, leo unampima nani?"

"Nikikukamata wewe nitakupima usingizi. Moyo wako hauna shida, unalala vizuri tu saa za kazi."

Basi huyo ndiye ninayetaka kukusimulia. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa. Sisi wengine tunamwita Bi Penseli.

Alianza pale zahanati akipiga deki. Muuguzi mkuu wa zamani, mama mmoja mkali kama pilipili kichaa, alimwona kila mara anaacha fagio na kuchungulia mashine ya moyo, akamwambia, "Badala ya kunipumulia shingoni, shika hizi nyaya." Hivyo ndivyo alivyojifunza. Miaka ishirini na miwili sasa anabandika vibandiko kifuani kwa watu, anawalaza, anawaambia wasiongee, na karatasi inatoka imechorwa milima midogomidogo.

Yule muuguzi alimwachia desturi moja ambayo haimo katika kitabu chochote. Mgonjwa akishalala, macho ya Bi Penseli hayakai kwenye mashine. Yanakaa kwenye tumbo la mgonjwa. Tumbo likipanda, anachora kistari kimoja cha penseli ukingoni mwa kadi. Likipanda tena, kistari kingine. Dakika tano nzima, bila kuchoka. "Kuutazama moyo bila pumzi," muuguzi alikuwa akisema, "ni kusikiliza ugomvi wa mke na mume kwa kumsikia mmoja tu."

Nitakueleza kwa nini, na usiogope, si jambo gumu. Sisi hudhani moyo hupiga kama saa ya ukutani, tik, tik, tik. Sivyo. Ukivuta pumzi moyo unaharakisha kidogo, ukiitoa unapunguza mwendo. Kwa hiyo ukipanga nafasi zilizo kati ya pigo na pigo, utaona mawimbi: zinapungua, zinaongezeka, zinapungua. Wimbi moja kwa kila pumzi. Na chini ya hayo kuna mawimbi mengine yaliyo mazito na ya taratibu, kama sita au saba kwa dakika. Kompyuta ina kazi ya kuyatenga, kama mtu anayechambua mchele: haya ya haraka kapu hili, yale ya polepole kapu lile. Mpaka ni mawimbi tisa kwa dakika. Yaliyo chini ya tisa ni ya polepole.

Sasa kiwanda kilikuwa kimetunga kanuni. Kila anayefanya kazi ya juu, dereva wa kreni na wenzake, apimwe mara moja kwa mwaka. Kapu la polepole likilizidi la haraka mara tatu, karatasi inaandika "hana utulivu", naye anashushwa chini. Mashine mpya ilipoletwa mwanzoni mwa mwaka ule, na kibanio chake kidogo cha kubana kidoleni badala ya nyaya za kifuani, karatasi ikawa inatoka yenyewe imekamilika. Kilichobaki ni mstari mmoja chini: sahihi ya aliyepima. Nayo ni ya Bi Penseli.

Watu kumi na tisa walishushwa mwaka huo. Bi Penseli alitia sahihi zote kumi na tisa. Usisahau hilo. Yeye hajalisahau.

Wa ishirini alikuwa Mama Pacha.

Mama Pacha aliendesha kreni namba tano kwa miaka kumi na mmoja. Mwanamke mrefu, mkimya, mikono mikavu, na moyo wake tangu utotoni ni wa haraka. Akiwa amekaa kitako hajafanya lolote unapiga mara mia na nne kwa dakika. Madaktari watatu walishamwambia ndivyo alivyoumbwa. Siku ile aliingia zahanati na karatasi mkononi, ameishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa jalalani.

"Dada, niambie ukweli. Mimi nina wazimu?"

"Wazimu wa nini tena?"

"Karatasi inasema sina utulivu. Mimi! Niliyezaa wawili siku moja, wa pili ametanguliza miguu, na mkunga ndiye aliyekuwa analia, mimi nambembeleza! Wanasema nikahesabu nati stoo, na kuanzia Jumatatu kreni yangu apewe mtu mwingine."

Bi Penseli alicheka, halafu akaacha kucheka. Akavuta kadi ya Mama Pacha kutoka kwenye sanduku, akahesabu vistari vya ukingoni. Sabini. Pumzi sabini kwa dakika tano, yaani kumi na nne kila dakika. Akaitazama karatasi ya kompyuta. Wimbi kubwa kuliko yote lilikuwa limesimama kwenye nane.

"Hizi nane ni za nani?" akasema peke yake.

"Unasemaje?"

"Wewe ulipumua mara kumi na nne. Mimi nilikuwa hapa, nilikuona. Kwenye kumi na nne hapana kitu kabisa, na kwenye nane pana mlima. Huyu anayepumua nane ni nani humu chumbani?"

Mama Pacha akatazama huku na huku, kana kwamba kweli kuna mtu wa tatu. "Na hata ingekuwa nane, dada, nane ina kosa gani?"

"Hilo nalo swali," akajibu Bi Penseli. "Lakini tuanze na hili."

Karatasi hakuitia sahihi.

Aliyeweka mashine ile alikuwa Injinia, kijana mwembamba, mwenye adabu, kila alfajiri anakimbia kuzunguka ukuta wa kiwanda mara nane. Si mtu mbaya, na nisingependa umchukie. Alimsikiliza Bi Penseli mpaka mwisho, akatabasamu.

"Mama, penseli yako inahesabu tumbo. Mashine inahesabu moyo. Ni vitu viwili."

"Mwanangu, hivyo vitu viwili vinalala kitanda kimoja. Kibanio chako hiki cha kidole sikiamini. Kidole kina baridi, kidole kinatikisika. Kifua hakidanganyi."

Huo ulikuwa ugomvi wa muda mrefu pale zahanati, kidole au kifua, na kila mtu alikuwa na upande wake, mpaka mpishi wa kantini. Injinia akasema haya basi, tumalize. Wakamwita Mama Pacha, wakamlaza, kibanio kidoleni na nyaya kifuani kwa wakati mmoja. Dakika tano kwa saa ya ukutani. Bi Penseli na vistari vyake: sabini tena, hakuna pungufu.

Matokeo yakatoka mawili. Ya kidole: nane. Ya kifua: nane. Milima miwili imefanana kama wale watoto wa Mama Pacha.

"Si nilikuambia?" Injinia alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Mtu akiwa amelala ametulia, kidole na kifua ni ndugu wa tumbo moja. Chukua, nimekuchapia na mchoro mzima wa nafasi za mapigo, nukta kwa nukta. Ukausome nyumbani."

Mtu mwingine angesema yamekwisha. Bi Penseli alikunja ule mchoro mrefu akautia kwenye mkoba. Alikuwa ameshindwa mbele ya watu, na aliijua ladha yake. Lakini sabini ni sabini.

Kesho yake Meneja wa Usalama akamwita ofisini. Ofisi yenye zulia, na kiti cha mgeni kilicho kifupi kuliko cha mwenyewe.

"Bi mkubwa, mashine zimepima mara mbili. Tatizo liko wapi? Ni sahihi yako tu."

"Sahihi yangu si muhuri wa posta, mzee."

"Dereva mpya anaanza Jumatatu. Leo ni Jumatano. Nakupa mpaka Ijumaa saa nne."

"Na nisipotia?"

"Atatia mwingine. Kuandika jina si kazi ngumu."

"Kuandika jina si kazi ngumu," alikubali Bi Penseli akisimama. "Kulibeba ndiko kuzito."

Mama Pacha naye alikuwa na njia yake. Siku zile zote alifika asubuhi amevaa kofia ya chuma na viatu vya kazi, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi ya kreni namba tano, akakaa kwenye kidato cha chini kabisa. Hapandi, haondoki. Msimamizi akimwambia aende stoo, anajibu, "Bado haina sahihi." Basi. Watu wakapita, wengine wakimpa pole, wengine wakimcheka, yeye anamenya chungwa lake.

Jioni ya Jumatano hiyo Bi Penseli aliutandaza mchoro juu ya meza ya mumewe. Mume ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndicho karakana yake, na meza ile ya kukatia nguo ndiyo pekee yenye urefu wa kutosha. Alisogeza suruali ya mtu, akaja kutazama.

"Hii ndiyo nini? Mbona kama nimeshona nikiwa nimelewa?"

"Ndiyo mapigo ya moyo. Kila nukta pigo moja."

"Ulimlaza muda gani huyu?"

"Dakika tano."

Fundi akainama. Chini ya mchoro kulikuwa na alama ndogo za dakika, ndogo mno, ambazo karatasi ya kawaida ya matokeo haizionyeshi. Akazifuata kwa kidole, moja, mbili, tatu, kama anavyopima pindo. Akasimama wima.

"Mama wee, hapa kuna dakika nane na ushee."

"Haiwezekani."

"Njoo uhesabu mwenyewe. Nane, na sekunde arobaini. Mimi mteja akiniletea mita tano za kitambaa nikamrudishia nane na nusu, si ataniita mchawi?"

Bi Penseli alihesabu. Halafu akahesabu nukta, zote, penseli ikigonga moja moja, wakati mumewe anapasha chakula na kulalamika kwamba hakuoa karani. Mia tano na ishirini. Mapigo mia tano na ishirini. Na sekunde kwenye mchoro? Dakika nane na sekunde arobaini: mia tano na ishirini.

Akaketi.

Kila pigo limepewa sekunde moja. Unaona? Mashine ilikuwa inachukua mapigo ya watu na kuyapanga kama mbegu shambani, hatua moja, mbegu moja, bila kuuliza kila pigo lilikuja lini. Mama Pacha ana moyo wa mbio, mapigo yake yamebanana ndani ya dakika tano. Mashine ikayatanua mpaka yakajaa dakika nane na zaidi, na pumzi zake sabini zikatanuka nayo. Sabini ukizigawa kwa dakika nane na ushee, kila dakika inapata nane. Zikaporomoka kutoka kapu la haraka mpaka kapu la polepole. Hakuna aliyepumua nane humo chumbani. Ni Mama Pacha yuleyule, amevutwa kama mpira.

Kifua na kidole havikuwa na hatia. Vyote viwili vilileta mapigo yaleyale. Kosa lilikuwa katika kuyapanga.

"Unacheka nini?" mumewe akauliza.

"Sicheki. Nina hasira mpaka meno yanaonekana."

Ijumaa saa nne ofisi ile ilikuwa imejaa. Meneja kwenye kiti chake kirefu, Injinia kando yake, Mama Pacha mlangoni na kofia yake kichwani. Alikuwepo pia mwakilishi wa wafanyakazi, dereva wa kreni namba mbili, mwanamume mkubwa anayeitwa Spika kwa sababu hajui kunong'ona. Karatasi ilikuwa mezani, na kalamu juu yake.

Bi Penseli hakuigusa kalamu.

"Mwanangu," alimwambia Injinia, "mashine ulipoiweka, uliijaribu kwa nani?"

"Kwangu mwenyewe. Mara kumi. Nilijihesabia na pumzi pia, nikiwa nimejifunga mkanda kifuani. Ilikubaliana kila mara."

"Vizuri. Na moyo wako, ukipumzika, unapiga mara ngapi kwa dakika?"

Injinia hakuweza kuficha fahari. "Sitini kamili. Ni mazoezi, mama. Mimi ni mki..."

Akanyamaza. Nilihadithiwa na watu watatu waliokuwepo, na wote watatu wanasema hivyohivyo: alinyamaza katikati ya neno, mdomo umebaki wazi. Kwa mtu mwenye mapigo sitini kwa dakika, pigo moja ni sekunde moja kweli. Kwake yeye, na kwake yeye tu, mashine ilikuwa inasema kweli.

"Nipeni nusu saa," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya Jumanne.

"Nusu saa ya nini?" Meneja akauliza. "Saa nne ndiyo hii."

"Mzee," alisema Mama Pacha kutoka mlangoni, "mimi nimekaa kwenye ngazi siku mbili. Wewe utashindwa kukaa kwenye kiti nusu saa?"

Spika akacheka mpaka dirisha likatetemeka.

Injinia alirudi baada ya dakika ishirini, anatoka jasho kuliko anavyotoka akikimbia. Alikuwa ameliweka kila pigo mahali pake pa kweli, kwa sekunde ileile lilipopiga, kisha akairudia hesabu yote. Mlima ulikuwa umehama kutoka nane. Ulikuwa umesimama kwenye kumi na nne, sawasawa na vistari vya penseli. Aliweka karatasi mpya mezani, akageuka kwa Bi Penseli mbele ya mkubwa wake.

"Nimekosea, mama."

"Umekosea. Na mimi nimetia sahihi makosa yako mara kumi na tisa. Keti, tunayo kazi."

"Kazi gani?" alisema Meneja. "Huyu mama apande kreni yake, yamekwisha. Yaliyopita tuyaache. Mashine imerekebishwa."

"Kumi na tisa hawajarekebishwa."

"Bi mkubwa, usitafute makubwa."

"Sikuyatafuta, nililetewa niyatie sahihi. Nafungua kadi zote za mwaka huu, mzee. Na usinipe mpaka Ijumaa. Nitamaliza zikiisha."

"Mimi ndiye ninayeamua kinachofunguliwa humu!"

"Basi amua kwa maandishi," akajibu. "Andika hapo: nimeambiwa mashine imekosea, nikasema ziachwe. Weka jina lako chini. Si ulisema kuandika jina si kazi ngumu?"

Meneja aliitazama kalamu, wala hakuishika. Ndipo Spika akapiga kiganja mezani.

"Zifunguliwe zote! Walioshushwa na waliopita! Mtu asibaki juu wala chini kwa hesabu ya uongo!"

Zikafunguliwa. Mama Pacha alipanda kreni namba tano siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana, na alipofika juu alipiga honi mara moja tu, ndefu, kiwanda kizima kikaangalia juu. Bi Penseli na Injinia walikaa wiki mbili, yeye na kadi zake, kijana na kompyuta yake, wakigombana na kunywa chai ya chupa moja. Kati ya wale kumi na tisa, kumi na mmoja walirudi kazini kwao. Kwa kila mmoja Bi Penseli alikwenda mwenyewe, alikokuwa amepangiwa, stoo, kantini, uani, akamwambia ana kwa ana: "Jina lililokushusha ni langu. Nisamehe." Mmoja hakumsamehe mpaka leo, na Bi Penseli anasema ana haki yake.

Halafu wakazigeukia kadi za waliopita kipimo.

Wengi hawakubadilika. Lakini kuna watu wenye mioyo ya taratibu, na hao mashine iliwafanyia kinyume: badala ya kuwatanua iliwafinya. Kadi ya arobaini na tatu ilikuwa ya dereva wa kreni namba mbili. Mapigo arobaini na sita kwa dakika, moyo wa mwanamume aliyebeba vyuma tangu ujana. Dakika tano zake mashine ilizifanya tatu na sekunde hamsini. Mawimbi yake mazito, saba kwa dakika, yakasukumwa yakavuka tisa kidogo tu, yakadondokea kapu la haraka, akapita. Injinia aliyarudisha mahali pake. Karatasi ikatoka. "Hana utulivu."

Spika.

Wakatazamana. Injinia akasema polepole kwamba kanuni ni kanuni, ingawa yeye hajui nani aliyeamua mara tatu, kwa nini isiwe mara nne. Bi Penseli alikuwa ameshaiandikia ofisi barua mbili kwamba mtu asishushwe kwa karatasi moja ya dakika tano, hata ikiwa imehesabiwa vizuri namna gani. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba ya kwanza imepokelewa.

Na nje, kupitia dirisha la zahanati, kreni namba mbili ilikuwa inashusha mzigo wa nondo, taratibu, bila kuyumba, na sauti ya Spika inasikika mpaka ndani ikiwatania wa chini wasogee kama wanataka kuona wajukuu.

Karatasi iko mezani mpaka leo asubuhi. Hesabu ni sahihi, kila pigo liko mahali pake, na vistari vya penseli vinakubaliana nayo. Lakini kanuni yenyewe, Bi Penseli haiamini hata chembe. Mstari wa chini uko wazi, unangoja jina.

Yeye ameniuliza mimi, nami nimeshindwa kumjibu. Basi nakuuliza wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: aitie sahihi?